Mshenga halipi mahari: vichocheo na gesi ya Ziwa Kivu

Kila jioni, kuanzia Nyamugo hadi Cimpunda, mbabula za Kadutu hapa Bukavu, majiko yetu ya makaa, hugeuza hewa ukaa kuwa gesi inayowaka. Hewa huingia kwa chini, hukutana na makaa yaliyokwisha kushika moto, na oksijeni yake huungana na kaboni kuwa hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi. Hewa ukaa hiyo haitoki moja kwa moja. Hupanda katikati ya makaa mekundu, na humo kila molekuli hunyakua atomu nyingine ya kaboni, zikazaliwa molekuli mbili za kaboni monoksidi. Gesi hii inaungua. Ikifika juu na kupata hewa mpya, ndiyo inayotoa ule mwali wa buluu unaochezacheza juu ya makaa kabla mama hajateleka sufuria ya bugali.

Wakemia huuita mgeuko huo mmenyuko wa Boudouard, kwa jina la Mfaransa Octave Boudouard aliyeuchunguza zaidi ya miaka mia iliyopita. Una hata kichocheo chake: potasiamu iliyomo katika majivu ya mti, ile ile inayofanya majivu yafae kusugulia masufuria, huuharakisha. Na mwali wa buluu ukizimika huku makaa bado ni mekundu, kaboni monoksidi hutoka bila kuungua. Haina rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa madirisha usiku wa baridi huua waliolala. Mbabula isiingizwe ndani ya chumba cha kulala, hata ikionekana imepoa.

Nimeanzia jikoni kwa makusudi. Kila baada ya muda husikika habari kwamba maabara fulani imepata kichocheo kipya cha kugeuza gesi joto kuwa mafuta. Kwa mtu wa Bukavu habari hiyo ina uzito wake, kwa sababu ziwa tunaloliona tukishuka kutoka Kadutu limejaa gesi mbili zinazotajwa humo: hewa ukaa na methani. Wakati huo huo makaa yanayouzwa soko la Kadutu kwa magunia na kwa vifungu vidogo yanatoka Kabare, Kalehe na Idjwi, na mengine ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega yenyewe. Ni halali kuuliza kama kichocheo kinaweza kuchukua nafasi ya shoka. Jibu langu ni kwamba kinaweza kusaidia, ila si pale vichwa vya habari vinapoelekeza macho.

Kilichomo ziwani

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 penye kina kirefu zaidi. Maji yake ya juu na ya chini hayachanganyiki. Kuanzia mita 260 hivi kwenda chini kuna maji mazito, yenye chumvi nyingi zaidi na joto zaidi, yanayolishwa na chemchemi zinazofunguka chini ya ziwa. Humo, kwa kukandamizwa na maji yaliyo juu, zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, zikihesabiwa kwa ujazo ambao zingechukua zikitolewa hewani.

Hewa ukaa hiyo inatoka hasa kwenye volkeno. Ni ndugu wa ile inayopenya ardhini karibu na Goma na Sake, ikatuama mabondeni na kuua mbuzi, na mara nyingine watu, katika sehemu ambazo wenyeji huziita mazuku. Methani ina asili nyingine. Watafiti wanakadiria kwamba karibu theluthi moja imetokana na kuoza kwa mabaki ya viumbe yanayozama, na theluthi mbili zimetengenezwa na vijiumbe vinavyoishi humo bila oksijeni, vikichukua hewa ukaa na haidrojeni na kuziunganisha. Kwa maneno mengine, kugeuza hewa ukaa kuwa nishati ni kazi inayofanyika chini ya ziwa letu tangu karne nyingi kabla ya maabara yoyote kuifikiria.

Gesi hiyo ni mali, na ni hatari pia. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kameruni lilitapika hewa ukaa na kuua watu wapatao 1,700 waliokuwa vijijini kandokando. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, na kwenye kingo zake wanaishi watu kwa mamilioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulituliza hofu kidogo, kwani vipimo vipya havikuonyesha kwamba gesi inaongezeka haraka kama ilivyodhaniwa mwaka 2005. Hata hivyo hiyo si sababu ya kuiacha hapo milele.

Kuichota si jambo jipya. Mwaka 1963 Wabelgiji walijenga kituo Cap Rubona, karibu na Gisenyi, na gesi yake ikapelekwa kuchemsha mitungi ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Mwaka 1975 Zaire na Rwanda zilitia saini mkataba wa kuitumia gesi pamoja. Upande wa Rwanda, mtambo wa umeme wa KivuWatt ulizinduliwa mwaka 2016 ukiwa na megawati 26, na baadaye Shema Power ikaja na megawati 56 huko Rubavu. Upande wetu, mwaka 2022 Kinshasa ilipiga mnada vitalu vitatu, Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Mwaka 2025 vita vikafika Goma na Bukavu, na vitalu hivyo vimebaki mistari kwenye ramani.

Namna ya kuchota inafaa kueleweka, maana mengi yanayofuata yanaitegemea. Bomba hushushwa hadi kina cha mita 350 hivi. Maji yakishaanza kupanda, shinikizo hupungua, mapovu hutokea, na mapovu hayo huyafanya maji ndani ya bomba kuwa mepesi hata yakaendelea kujipandisha bila pampu. Hewa ukaa huyeyuka majini mara ishirini na zaidi kuliko methani. Kwa hiyo methani ndiyo inayowahi kutoka, na sehemu kubwa ya hewa ukaa hubaki ndani ya maji yanayorudishwa chini. Gesi inayopatikana huoshwa tena kwa maji ya juu ya ziwa ili kupunguza hewa ukaa iliyoponyoka pamoja nayo. Mafundi wa ziwa hutumia jitihada kubwa kuitupa gesi ile ile ambayo mkemia wa vichocheo anaitafuta.

Kazi ya mshenga

Kichocheo hufanya kazi ya mshenga. Huwakutanisha wawili, hurahisisha mazungumzo ambayo wenyewe kwa wenyewe yangechukua miaka au yasingefika popote, kisha hurudi kwake bila kuwa mmoja wa maarusi. Kesho utamkuta nyumba nyingine. Lakini hata awe hodari namna gani, mshenga halipi mahari. Kama ukoo wa bwana harusi hauna kitu, ulimi wake hauzai ng'ombe.

Mahari ya kemia ni nishati. Hewa ukaa ni kaboni iliyokwisha kuungua. Nishati yake ilishatoka, ndiyo maana inazima moto badala ya kuuwasha. Kuirudisha kuwa kitu kinachoungua lazima irudishiwe nishati ile, na ziada juu yake, kwa sababu hakuna mtambo usiopoteza. Kichocheo hupunguza kizuizi cha katikati, yaani msukumo unaohitajika kuzivunja molekuli za zamani ili mpya zijengeke. Tofauti ya nishati kati ya mwanzo na mwisho hakiigusi hata kidogo.

Inavyofanyika ni hivi. Molekuli ya gesi inatua juu ya uso wa chuma. Elektroni za chuma zinaingia katika mafungo yanayoshikanisha atomu zake, mafungo hayo yanalegea, atomu zinaachana na kutembea juu ya uso huo hadi zikutane na wenzi wapya. Ndoa mpya ikifungwa, molekuli inang'oka na kuacha nafasi wazi kwa nyingine. Chuma kikizishika atomu kwa nguvu mno, hazitoki na uso unajaa. Kikizishika kwa ulegevu, hazivunjiki. Ustadi wote uko katika kupata kinachoshika kiasi.

Nikeli inashika kiasi. Huko Toulouse, Paul Sabatier na mwenzake Jean-Baptiste Senderens walipitisha hewa ukaa na haidrojeni juu ya nikeli yenye moto, na mwaka 1902 wakatangaza kwamba walipata methani na maji. Sabatier alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1912 pamoja na Victor Grignard. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba vijiumbe vinavyotengeneza methani, vikiwemo vya chini ya Ziwa Kivu, hutegemea kimeng'enya ambacho katikati yake kuna atomu ya nikeli. Sabatier alihitaji joto la nyuzi mia kadhaa. Kijiumbe kinafanya kazi ndani ya maji ya uvuguvugu. Lakini kijiumbe kina karne za kusubiri, na Kadutu inataka chakula leo jioni.

Gesi mbili kwa mpigo mmoja

Njia inayotajwa sana siku hizi ni nyingine. Badala ya kuleta haidrojeni kutoka mbali, unachanganya hewa ukaa na methani yenyewe juu ya nikeli, kwa joto la nyuzi 700 hadi 900. Molekuli moja ya kila gesi inatoa mbili za kaboni monoksidi na mbili za haidrojeni. Mchanganyiko huo huitwa gesi sanisi, na ndio malighafi ya viwanda vingi: kutokana nao hutengenezwa methanoli, dizeli, mbolea. Gesi joto mbili zinaingia, malighafi yenye thamani inatoka. Kwa ziwa lenye gesi zote mbili, ingeonekana kama Mungu ameshatuandikia kanuni.

Tazama kwanza mahari. Mmenyuko huu hunyonya joto. Kwa kila sehemu 100 za nishati iliyomo katika methani, lazima uingize sehemu 28 nyingine za joto kutoka nje. Gesi inayotoka ina nishati ya sehemu 128, na asiyejua atasema kichocheo kimeleta faida. Zile 28 ni ulizozitia mwenyewe. Na kama umezipata kwa kuchoma methani nyingine pembeni, umetengeneza hewa ukaa mpya ili kuitumia ya zamani.

Kisha tazama yanayompata mshenga mwenyewe. Chukua punje moja ya nikeli iliyokaa juu ya kigae cha alumina, ndogo kiasi kwamba unywele wa mtu ni mnene kuliko yenyewe mara maelfu. Methani inatua juu yake na kupoteza haidrojeni moja baada ya nyingine, mpaka inabaki atomu tupu ya kaboni. Kama oksijeni ya hewa ukaa haikuwahi kuichukua kaboni hiyo, inazama ndani ya nikeli, inatokea upande wa pili, na kuanza kujipanga kuwa uzi. Uzi unakua chini ya punje, unaiinua, unaing'oa kwenye kigae chake. Baada ya muda punje imekaa juu ya unyoya mweusi na bomba zima limeziba masizi. Na ule mmenyuko wa mbabula unachangia uharibifu huo ukigeuka kinyume: molekuli mbili za kaboni monoksidi, zikipita mahali penye ubaridi kidogo, hurudi kuwa hewa ukaa na kudondosha kaboni. Zaidi ya hayo, kwa joto la nyuzi 800 punje za nikeli hazitulii. Zinatembea, zinakutana, zinaungana kuwa vinundu vikubwa, na uso wa kufanyia kazi unapungua.

Hayo ndiyo yaliyoifanya njia hii ibaki zaidi maabara kwa miongo mingi. Mwezi Februari 2020, kundi lililoongozwa na Cafer Yavuz, wakati huo akiwa katika taasisi ya KAIST ya Korea Kusini, lilichapisha katika jarida la Science kichocheo cha nikeli iliyochanganywa na molibdeni juu ya fuwele za oksidi ya magnesi. Wazo lao lilikuwa la busara. Fuwele ina kingo zenye vingazi, na kingo hizo ndizo mahali ambapo masizi hupenda kuanzia. Zikipashwa moto, punje za nikeli na molibdeni zenyewe zilihamia kwenye kingo hizo zikajifunga hapo: hazikutembea tena, na masizi yakakosa pa kuanzia. Kichocheo kilifanya kazi saa 850 mfululizo bila kuchoka.

Ni mafanikio ya kweli. Lakini saa 850 ni siku 35, na kiwanda kinataka kichocheo kinachodumu miaka. Tena majaribio kama hayo hutumia gesi safi za mitungi. Gesi ya Kivu inatoka majini pamoja na haidrojeni salfidi, ile yenye harufu ya yai viza, na salfa hata ikiwa kidogo sana hujibandika kwenye nikeli na kuiua. Anayetaka kuleta kichocheo hicho hapa lazima kwanza alipie usafishaji.

Ukiwa na umeme, pika kwa umeme

Kuna wanaosema tuache methani, tuchukue hewa ukaa pekee, tuiunganishe na haidrojeni iliyopatikana kwa kupasua maji kwa umeme. Tufanye hesabu. Kilo moja ya methani iliyotengenezwa kwa njia ya Sabatier inataka nusu kilo ya haidrojeni. Kupata nusu kilo hiyo kunakula umeme wa takriban kilowati-saa 25. Kilo hiyo ya methani ikichomwa jikoni itatoa joto la takriban kilowati-saa 14. Umeingiza 25, umepata 14, na bado hujahesabu gharama ya kukusanya hewa ukaa wala ya mtambo. Mama mwenye umeme wa kilowati-saa 25 angeuchomeka tu kwenye jiko la umeme akapika siku nyingi.

Tunajua umeme wetu ulivyo. Bukavu inategemea mto Ruzizi, unaotoka ziwani hapa hapa mjini. Ruzizi I, iliyoanza miaka ya 1950, ina megawati zisizofika 30. Ruzizi II, ya mwaka 1989, ina karibu 44, nazo zinagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi III, inayotarajiwa kutoa megawati 206, imezungumzwa miaka mingi. Mtaa unaokaa gizani zamu kwa zamu hauna umeme wa kutengenezea mafuta.

Aisilandi wamefanya. Kuanzia mwaka 2012 kiwanda kilichopewa jina la mkemia George Olah, huko Svartsengi, kilichukua hewa ukaa ya jotoardhi, kikaiunganisha na haidrojeni kwa kichocheo cha shaba na zinki, na kutoa methanoli hadi tani 4,000 kwa mwaka. Nchi ya volkeno kama Kivu, gesi ya volkeno kama ya Kivu. Tofauti ni kwamba Aisilandi ina umeme mwingi na wa bei nafuu wa maji na jotoardhi, na watu wasiofika laki nne wa kuutumia. Walikuwa na ng'ombe wa mahari kabla ya kumtafuta mshenga.

Kichocheo kinapofaa Kadutu

Methani ya ziwa ni nishati tayari. Haihitaji kichocheo ili iwake. Inahitaji kufika jikoni. Hapo ndipo ugumu ulipo. Methani haikubali kuwa kimiminika kwa joto la kawaida. Ama uibane kwa shinikizo la mara 200 ya hewa katika mitungi mizito ya chuma, ama uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Njia ya tatu ni bomba la mtaa kwa mtaa, na anayeifahamu Kadutu anajua maana yake: mteremko mkali, udongo unaoporomoka mvua ikikazana, nyumba za mbao zilizobanana, vijia ambavyo watu wawili wenye mizigo hawapishani. Mioto iliyoteketeza nyumba nyingi kwa mkupuo inakumbukwa na kila mtu. Bomba la gesi lililokatwa na maporomoko ni balaa ambalo hakuna anayelitaka.

Kinachohitajika ni gesi inayobebeka mgongoni. Na hapa ndipo vichocheo vinapopata kazi ya haki. Gesi sanisi inaweza kugeuzwa dimethili etha, ambayo kwa joto la kawaida huwa kimiminika kwa shinikizo la mara tano hivi ya hewa, hivyo hukaa katika mtungi kama gesi ya kupikia tunayoijua. Inawaka bila masizi. Na uwiano inaoutaka wa kaboni monoksidi na haidrojeni, moja kwa moja, ndio ule ule unaotolewa na hewa ukaa na methani zikichanganywa sawa kwa sawa. Kutengeneza dizeli au methanoli kunataka haidrojeni mara mbili ya kaboni monoksidi, kwa hiyo kuna marekebisho ya ziada. Wajapani walishaijaribu njia ya dimethili etha kwa mtambo wa tani 100 kwa siku huko Kushiro, mwanzoni mwa karne hii.

Kilo ya dimethili etha ina joto la karibu megajuli 29, karibu sawa na kilo ya makaa mazuri. Lakini mbabula ya kawaida hupeleka kwenye sufuria chini ya robo ya joto lake, na jiko la gesi hupeleka karibu nusu. Kilo moja itapika chakula ambacho leo kinakula kilo mbili za makaa. Dosari zake zisifichwe: mtungi wa dimethili etha una karibu theluthi mbili tu za joto la mtungi wa gesi ya kawaida wa uzito ule ule, na gesi hiyo hulainisha na kuvimbisha mipira ya kawaida, hivyo vali na mabomba yake lazima yawe maalumu. Na mtambo wake ukipasuka, gesi sanisi iliyo ndani ni nusu kaboni monoksidi, muuaji yule yule wa chumba kilichofungwa. Mtambo kama huo haujengwi katikati ya makazi.

Kuhusu tabianchi pia tuseme kweli. Hewa ukaa ya ziwa, ikiachwa irudishwe chini pamoja na maji, haifiki angani. Ikitolewa, ikageuzwa gesi ya kupikia na kuchomwa Kadutu, inafika. Kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba mradi kama huo unaondoa gesi joto duniani. Faida yake iko kwingine: miti inayobaki imesimama Kahuzi-Biega, mapafu ya mama na watoto jikoni, na methani iliyopunguzwa kwa utaratibu kutoka ziwa lenye hatari. Hizo zinatosha, bila kutiwa chumvi.

Madini tunayo, ufundi tuutafute

Ukisoma orodha ya vyuma vya vichocheo, unasoma jiografia yetu. Shaba ya Katanga ndiyo msingi wa kichocheo cha methanoli. Kobalti, ambayo Kongo inachimba zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima, ndiyo inayotumika katika kiwanda cha Pearl huko Ras Laffan, Qatar, kugeuza gesi kuwa dizeli, kwa njia iliyogunduliwa na Franz Fischer na Hans Tropsch nchini Ujerumani katika miaka ya 1920. Zinki iko Kipushi. Nikeli iko Kabanga wilayani Ngara, Tanzania, na Musongati nchini Burundi, si mbali na Bukavu.

Lakini gunia la kobalti si kichocheo. Thamani inaingia pale punje inapofanywa ndogo, ikapandwa mahali pake juu ya kigae kinachofaa, na ikajaribiwa saa baada ya saa mpaka ijulikane inakufa kwa nini. Kazi hiyo haihitaji kiwanda cha mabilioni. Inahitaji bomba la kioo cha kwatsi, tanuri linalofika nyuzi 900, gramu moja ya kichocheo, kifaa cha kuchambua gesi, na umeme usiokatika katikati ya jaribio. Vijana wanaosoma kemia katika Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu na katika chuo cha ualimu cha ISP, na watafiti wa kituo cha Lwiro, wanaishi karibu na gesi halisi ya Kivu, yenye salfa yake na unyevu wake. Swali la kichocheo gani kinastahimili gesi hiyo linawahusu kuliko mtu yeyote wa Korea, na halijibiki kwa mitungi safi.

Basi siku mradi utakapokuja komini kwetu na maneno mazuri ya kugeuza gesi joto kuwa mafuta, msomaji, usiulize kwanza kichocheo ni cha chuma gani. Uliza mambo matatu. Nishati ya kuendeshea mtambo inatoka wapi, na je, haingetufaa zaidi ikija moja kwa moja? Kichocheo kimefanya kazi saa ngapi kwa gesi ya Kivu yenyewe, si ya chupa? Na hewa ukaa, mwisho wa safari yote, inaishia wapi? Asiyeweza kujibu maswali hayo kwa tarakimu hajafika na mradi. Atakayeyajibu apewe nafasi, na aanze na methani, kwa sababu ndiyo inayoweza kuanza kupunguza makaa Kadutu katika maisha yetu sisi.